Chuo kilichoulizwa saa mpaka kikaelemewa

Wadau, leo kahistoria ka wanachuo wenzetu wa Marekani. Mei 2003, mafundi wa mtandao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, kule Madison, waliona seva yao ya saa inamiminiwa maombi kutoka kila kona ya dunia. Wakadhani wameshambuliwa, wakaziba njia. Wapi! Juni maombi yakafika 250,000 kwa sekunde.

Dave Plonka wa hapo chuoni akachimba, akamkuta "adui": ruta za majumbani za Netgear, kama 700,000 hivi. Kiwandani zilibandikwa anwani ya seva ya chuo, bila chuo kuombwa. Tena ruta isipojibiwa inauliza upya kila sekunde. Yaani kukaa kimya ndiko kulikochochea moto!

Kuzima seva kusingesaidia, maswali yangezidi kuja tu. Netgear ikatoa programu mpya na kukichangia chuo dola 375,000. Lakini jamani, nani nyumbani anakumbuka kubadilisha programu ya ruta?

Nyie mnaoandika programu: msibandike anwani ya mtu bila kumwomba, na mashine zenu zifundisheni kusubiri. Haya, tuonane.