Mambo ya kuzingatia unapochagua amplifaya ya spika za vyumba kadhaa

KAYA nyingi hutamani muziki na habari za redio zisikike sebuleni, jikoni na barazani kwa wakati mmoja. Si lazima kununua mtambo wa kila chumba. Amplifaya moja ya bei nafuu yaweza kuhudumia nyumba nzima, mradi ichaguliwe kwa makini.

Wanunuzi wengi huvutiwa na idadi ya wati iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha. Hata hivyo, jambo linaloamua iwapo mtambo utadumu au utaungua ni ukinzani wa spika, ambao hupimwa kwa omu.

Spika nyingi za nyumbani huwa na omu 4, 6 au 8, na nambari hiyo huandikwa nyuma yake. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye upande mmoja wa amplifaya, ukinzani hushuka hadi omu 4. Zikiwa nne, husalia omu 2 pekee. Kadiri ukinzani unavyopungua ndivyo mtambo unavyolazimika kutoa umeme mwingi zaidi, ukapata joto, ukajizima au hata kuungua.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyo karibu na sehemu ya kuunganishia nyaya za spika. Iwapo mtambo unaruhusu omu 6 hadi 16, usiufungie spika mbili za omu 8 sambamba kila upande. Mitambo yenye sehemu A na B huweza kuhudumia vyumba viwili, lakini zote zikiwashwa pamoja mara nyingi huhitaji spika zenye omu nyingi zaidi.

Kwa vyumba vitatu au zaidi, nunua kisanduku cha kugawia spika chenye kinga ya ukinzani. Kinga hiyo hupunguza nguvu ya sauti kidogo, lakini huokoa mtambo. Anayetaka chumba kimoja kisikilize redio na kingine muziki atafute risiva yenye alama ya Zone 2, kwani sehemu A na B hutoa sauti ile ile.

Kuhusu wati, zingatia zile za RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo. Wati za PMPO ni za kufumba na kufumbua, na hutumiwa zaidi kuvutia wateja. Mtambo unaotumia wati 60 za umeme hauwezi kutoa wati 1,000 mfululizo. Aidha, kuongeza wati maradufu, mathalani kutoka 50 hadi 100, huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo.

Mitambo kuukuu yaweza kumpunguzia mnunuzi gharama, ila achunguze volti. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni volti 240, ilhali wa Marekani ni 120 na wa Japani 100. Mtambo uliotengenezewa nchi hizo pekee utaharibika ukichomekwa moja kwa moja bila transfoma.

Nyaya nazo zisipuuzwe. Kwa spika ya omu 8 iliyo umbali usiozidi mita 15, waya wa milimita mraba 1.5 unatosha, ukizidi hapo, tumia wa 2.5. Hakikisha ncha za chanya na hasi hazigusani.

Isitoshe, mtambo huhitaji hewa. Usiufunike kwa kitambaa cha kufuma wala kuubana ndani ya kabati, maana joto ni adui wake mkubwa.

Unapokwenda dukani, andika kwenye karatasi idadi ya vyumba, omu za kila spika na urefu wa nyaya. Muuzaji akishindwa kukuonyesha kiwango cha omu cha mtambo anaokuuzia, ni heri kujaribu duka jingine. Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali.