Nani Alishika Tumbo la Mja Mzito Gusii

Katika milima ya Gusii, magharibi mwa Kenya, bibi arusi alikuwa mgeni. Watu wa ukoo mmoja hawakuoana, na koo jirani zilikotoka wake ndizo zilizogombania malisho na ng'ombe. Msichana alitolewa mahari, akahamia kwa mumewe, akajengewa nyumba yake, na tangu hapo waliomtazama alipopata mimba walikuwa watu wa upande wa mume: mama mkwe, wake wa mashemeji, wake wenza. Mama yake mzazi alibaki ng'ambo ya bonde. Mikono iliyomkanda mgongo miezi ya mwisho ilikuwa ya watu aliowategemea na kuwaogopa kwa wakati mmoja.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi mazungumzo ya kukanda, kusinga na kuuandaa mwili kwa uchungu hufanywa kana kwamba mkono wowote unaweza kumgusa mwanamke yeyote. Gusii, ambako leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, haikuwa hivyo. Kulikuwa na chinsoni, ile sheria ya haya na heshima inayopanga nani amkaribie nani. Baba hakuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwanamume alijitenga na mama wa mkewe. Mzazi na mtoto hawakutaja mambo ya uzazi mbele ya mwenzake, ilhali bibi na mjukuu waliruhusiwa kutaniana hata juu ya hayo. Kuguswa kulikuwa na mpaka, na kila mtu alijua mpaka huo uko wapi.

Mimba yenyewe haikutangazwa. Robert na Barbara LeVine, Wamarekani walioishi Gusii kati ya 1955 na 1957 na kuandika kitabu kiitwacho Nyansongo, kilichotoka 1966, walikuta jamii iliyoogopa sana kijicho. Sarah LeVine, aliyefanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake juu ya akina mama wa Gusii mwaka 1979, alikuta hali hiyo hiyo: mwanamke hakuisema mimba yake, wala jirani hakumpongeza, kwani sifa ingeweza kumvutia mwenye husuda. Aliyeruhusiwa kulishika tumbo, basi, alikuwa mtu aliyeaminiwa mno, au mtu ambaye haikuwezekana kumkatalia.

Mkunga alikuwa mwanamke mzima aliyekwisha kuzaa mara nyingi. Alimlaza mama chali, magoti yamekunjwa ili misuli ya tumbo ilegee, akapaka mafuta viganjani, akaanza kupapasa. Alitafuta kichwa, kile kitu kigumu cha mviringo. Kikiwa juu, chini ya mbavu, alijua kazi ipo. Alitafuta mgongo wa mtoto, upande ulio laini na mrefu, na upande wa pili akahisi viungo vikichezacheza. Baada ya hapo alikanda kiuno na mapaja kwa mama anayelalamika maumivu. Chakula nacho kilikuwa sehemu ya maandalizi: uji wa wimbi, na mboga ya chinsaga, ambayo mpaka leo wengi huamini humrahisishia mama kujifungua na kumrudishia nguvu baadaye.

Abagusii, yaani watu wa Gusii, waliuheshimu ujuzi wa mikono kuliko wengi wanavyofahamu. Ndio watu ambao omobari wao, mganga wa vichwa, alifungua fuvu la mgonjwa aliyeumia na kulikwangua mfupa, na madaktari wa Kizungu wakaja kushuhudia na kuandika. Omobari alipata umaarufu huo. Mkunga hakupata, labda kwa sababu kazi yake ilifanyika ndani, kati ya wanawake, chini ya chinsoni.

Wakoloni walifika kwa bunduki. Msafara wa kijeshi ulipiga Gusii mwaka 1905, na mwingine mwaka 1908 baada ya Mgusii aitwaye Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, G. A. S. Northcote. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafungua Nyanchwa mwaka uliofuata. Mwaka 1916, vita vya Waingereza na Wajerumani vikiendelea, mjini Kisii kulianzishwa kituo cha kuwatibu askari, nacho ndicho chimbuko la hospitali kuu ya rufaa ya leo. Hospitali hiyo ilianza kwa ajili ya wanaume waliojeruhiwa. Akina mama waliendelea kuzalia nyumbani kwa miongo kadhaa, na si kwa ujinga: milima ni mirefu, usiku hakuna gari, na hospitalini anayekufunua anaweza kuwa kijana wa umri wa mwanao.

Ajabu ni kwamba ujuzi uliomngoja mama huko hospitalini ulikuwa ule ule wa mikono. Adolphe Pinard, daktari wa Paris, alichapisha mwaka 1878 kitabu kizima juu ya kupapasa tumbo la mja mzito na kumgeuza mtoto kutoka nje. Mjerumani Christian Gerhard Leopold akaupanga upapasaji huo katika hatua nne, zinazofundishwa hadi leo katika vyuo vya uuguzi vya Kenya. Nenda kliniki yoyote ya Nyamira au Keroka siku ya wajawazito, utamwona muuguzi akisugua viganja kwanza ili visiwe baridi, kisha anaweka mikono juu ya tumbo kutafuta kichwa au makalio, anashuka pembeni kutafuta mgongo, anashika sehemu ya chini, na mwisho anageuka kutazama miguu ya mama, vidole vikishuka kuelekea nyonga. Anainama na kile kipembe cha Pinard sikioni, anahesabu mapigo ya moyo, anaandika katika kijitabu cha kliniki. Swali lake ni lile la bibi wa kijijini: mtoto amelalaje? Tofauti ni kwamba muuguzi akikuta jambo baya ana mahali pa kumpeleka mama. Bibi hakuwa napo, na tofauti hiyo imeua wengi.

Baada ya mkutano wa afya wa Alma-Ata mwaka 1978, dunia iliamua kuwafunza wakunga wa jadi. Walipewa wembe safi, uzi wa kufungia kitovu na mafunzo ya siku chache. Mwaka 1987 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano uliozindua kampeni ya uzazi salama duniani. Miaka ya 1990 upepo ukageuka: vifo havikupungua ilivyotarajiwa, kwani mafunzo mafupi hayazuii mama kuvuja damu. Kenya ikawataka wakunga hao wawe wasindikizaji wa kuwapeleka wajawazito hospitali, na tarehe 1 Juni 2013 ikafuta ada ya kujifungua katika hospitali za serikali. Mwaka 2003, karibu mama 4 kati ya 10 nchini walijifungulia katika kituo cha afya. Kufikia 2022 walikuwa 8 kati ya 10. Ni ushindi mkubwa, na simkubalii anayetaka kuurudisha nyuma kwa jina la asili.

Tupime basi yale ya mikono. Kukandwa mgongo na kiuno wakati wa uchungu kunasaidia, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 linakupendekeza kwa mama anayetaka. Kuna pia kukanda msamba kwa mafuta safi, mama mwenyewe au mumewe, mara moja au mbili kwa wiki kuanzia wiki ya 34 au 35. Majaribio 4 ya wanawake 2,497 yaliyojumlishwa pamoja yalionyesha kwamba wanaozaa mara ya kwanza hupunguza uwezekano wa kushonwa. Kwa kila mama 15 waliofanya hivyo, mmoja aliepuka sindano. Faida ni ndogo, lakini ni ya kweli na haina gharama. Kubonyeza kwa vidole sehemu maalumu za mkono na mguu, kama wafanyavyo Wachina, hakujathibitika kuanzisha uchungu.

Kulisukuma tumbo ni jambo jingine kabisa. Kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya hufanywa na daktari, karibu na wiki ya 37, baada ya picha ya mawimbi ya sauti, chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Mkono usio na hayo unaweza kulibandua kondo la nyuma au kulipasua tumbo la uzazi lenye kovu. Hata hospitalini, kulikandamiza tumbo ili mtoto ashuke ni kosa. Mwongozo huo huo wa 2018 unakataza.

Kitu kimoja kilipotea njiani, nacho ndicho kinachoniuma. Yule mama mkwe, pamoja na ukali wake, alikuwepo. Alikaa usiku kucha na mkono wake kiunoni pa mkazamwana. Leo, katika wadi nyingi za Kenya, anaachwa kwenye benchi nje, na mama analala na uchungu peke yake huku wauguzi wawili wakihudumia vitanda vingi. Mwongozo wa 2018 unataka kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kizuizi kinachotajwa mara nyingi ni kwamba vitanda viko wazi na mgeni ataona wanawake wengine. Katika nchi ya chinsoni hoja hiyo ni nzito, lakini dawa yake ni rahisi. Ombi langu kwa serikali za kaunti za Kisii na Nyamira ni pazia kwa kila kitanda cha uzazi, na ruhusa kwa mwanamke mmoja, atakayechaguliwa na mama mwenyewe, kuingia.