Propela Inapolia

Historia ya darasani inapenda vitu viwili: vita na mikutano. Lori haliingii humo. Lakini hebu tuulize, ndugu msomaji: Zambia ilipokabwa koo, nani aliipelekea pumzi?

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia. Mwezi uliofuata Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia huko kusini. Nchi haina bahari, migodi ya shaba inangoja, ifanyeje? Ikaigeukia Dar es Salaam. Malori yakapakia mapipa, yakashika Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, mpaka Lusaka. Karibu kilometa 2,000, sehemu kubwa vumbi kiangazi na tope masika. Njia ile ikabatizwa jina: Njia ya Jehanamu.

Bomba la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Hayo yamo vitabuni. Kabla yake mzigo mwingi ulining'inia kwenye chuma kirefu kinachozunguka uvunguni mwa lori: propela, na viungo vyake, krosi.

Krosi ina ukoo mrefu. Katika miaka ya 1670, Robert Hooke wa Uingereza aliitumia kwenye vyombo vya kutazamia anga. Mwaka 1903 Clarence Spicer, Mmarekani, akapata hataza ya kiungo cha namna hiyo kwa magari, wakati magari mengi yalikuwa bado yanaendeshwa kwa minyororo.

Kiungo hiki kina kasoro ya kuzaliwa. Kikikaa kwa pembe, upande wa pili hauzunguki sawasawa: kila mzunguko mmoja unaharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Ndiyo maana huwekwa krosi mbili, moja ifute kosa la mwenzake. Ila lazima zipangwe sawa. Fundi akifungua propela pale penye meno, kisha akairudisha imepishana, lori litatetemeka hata kama kila kifaa ni kipya. Fundi mzoefu hupiga alama ya tindo kwanza, ndipo afungue. Alama moja tu, bwana!

Na lori kuukuu linajieleza lenyewe, ukilisikiliza. Ukitia gia likagonga "ko!", krosi imelegea au meno yamelika. Likilia kama panya katika mwendo mdogo, krosi imekauka grisi. Mngurumo ukipanda mguu ukiwa kwenye mafuta, ukabadilika ukiachia, chungulia difu. Mtetemo wa mwendo fulani tu? Barabara ikiwa tambarare na tupu, toa gia kidogo, injini ishuke. Mtetemo ukibaki vilevile, usiisingizie injini. Tafuta kwenye propela, senta beringi, difu au magurudumu. Mteremkoni usijaribu kabisa. Krosi ikikatika ukishuka Kitonga, injini haikushikilii tena. Umebaki na breki peke yake, na mzigo unakusukuma mgongoni.

Kwa hiyo lile sikio la fundi na utingo wake halikuwa jambo dogo. Lilikuwa sehemu ya ukombozi, sawa na hotuba. Siasa ilisema mafuta yafike. Sikio ndilo lililojua kama yatafika.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1966, kama yu hai, ni mzee wa miaka 80 hivi. Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunahangaika kutafuta visa vya mapenzi mjini, wakati mzee huyo amekaa barazani anaota jua, na kichwani ana kamusi nzima ya milio ya chuma. Akiondoka, hakuna maktaba itakayotuazima sikio lake. Chukua daftari, mwamkie shikamoo, kisha muulize: lori lilikuwa linaliaje?