Kurekebisha sauti ya gitaa la besi

Kurekebisha sauti ya gitaa la besi ni kazi ya kupanga kiasi cha sauti nzito, za kati na nyembamba zinazotoka katika gitaa hilo, ili lisikike wazi bila kufunika waimbaji na vyombo vingine. Vifaa vinavyotumika zaidi ni ikwalaiza na dairekti boksi (kifupi: DI). Nchini Tanzania kazi hii hufanywa na mpigaji akishirikiana na fundi mitambo, katika bendi za dansi, vikundi vya taarab na kwaya za makanisa.

Historia

Gitaa la besi la umeme lilienea baada ya Leo Fender wa Marekani kutoa aina ya Precision Bass mwaka 1951. Miaka ya 1960, katika studio ya Motown mjini Detroit, besi ya James Jamerson ilirekodiwa kwa kuunganishwa moja kwa moja na mitambo, bila maikrofoni mbele ya spika. Huo ndio msingi wa dairekti boksi.

Katika bendi za dansi za Tanzania, kama NUTA Jazz (1964) na Mlimani Park Orchestra (1978), besi hupigwa pamoja na gitaa la solo na la ridhimu. Mara nyingi mpigaji wa besi huacha nafasi kati ya noti. Sauti ikivuma mno, nafasi hizo hupotea na mdundo huharibika.

Marudio ya sauti

Marudio ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi (Hz). Nyuzi nne za besi zikipigwa wazi hutoa takriban 41 Hz (E), 55 Hz (A), 73 Hz (D) na 98 Hz (G). Kila noti huambatana na mitetemo mingine ya juu zaidi. Kwa uzi wa E ni 82 Hz, 123 Hz na kuendelea. Sikio huweza kuitambua noti kwa mitetemo hiyo ya juu, hata kama spika ndogo haiwezi kutoa 41 Hz yenyewe.

Kwa makadirio, sehemu za sauti ya besi ni hizi:
- 40–80 Hz: uzito unaosikika kifuani
- 80–200 Hz: unene wa noti
- 200–400 Hz: mvumo; ukizidi, maneno ya waimbaji hayaeleweki
- 700–1,200 Hz: sehemu inayofanya noti itambulike
- 2,000–4,000 Hz: mlio wa kidole kinapogusa uzi

Kutumia ikwalaiza

Ikwalaiza huongeza au kupunguza sehemu moja ya sauti bila kugusa nyingine. Kwanza vitufe vyote huwekwa katikati, kisha besi husikilizwa ikipigwa pamoja na bendi nzima, kwani sauti inayopendeza peke yake inaweza kupotea ndani ya kundi.

Ni afadhali kupunguza kinachozidi kabla ya kuongeza kinachopungua. Kuongeza desibeli 3 kunahitaji nguvu ya umeme mara 2, na desibeli 10 mara 10. Sehemu inayotumia wati 20 itahitaji wati 200 ikiongezwa desibeli 10. Amplifaya ikishindwa, sauti hukwaruza na koili ya spika inaweza kuungua. Kwa spika ndogo, ni heri kupunguza kidogo sehemu ya 200–400 Hz na kuongeza kidogo ile ya 700–1,200 Hz, badala ya kufungua kitufe cha besi hadi mwisho.

Dairekti boksi

Dairekti boksi hupokea sauti ya gitaa yenye impidensi kubwa na kuitoa ikiwa na impidensi ndogo, inayofaa tundu la maikrofoni kwenye miksa. Waya wa kawaida wa gitaa ukizidi mita 6 hivi huanza kupoteza sauti nyembamba na kuokota kelele. Waya unaotoka kwenye DI una nyaya mbili zinazobeba sauti ileile kinyume. Kelele inayoingia katika zote mbili hufutwa kwenye miksa, hivyo unaweza kufika mita 100.

DI ni za aina mbili. Ya kwanza hutumia transfoma na haihitaji umeme. Ya pili hutumia betri au volti 48 kutoka kwenye miksa. Nyingi zina tundu la pili la kupeleka sauti kwenye amplifaya ya jukwaani, na swichi ya kukata mwungano wa ethi kati ya gitaa na miksa panapotokea mvumo.

Usalama

Mvumo usiondolewe kwa kukata waya wa ethi wa plagi, wala kwa kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kijiti. Amplifaya isiyo na ethi ikipata hitilafu, nyuzi za gitaa zinaweza kubeba volti 230, na mpigaji akigusa maikrofoni umeme hupita mwilini. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani huko Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi. Njia salama ni kutumia swichi ya DI, na kuunganisha amplifaya na miksa kwenye chanzo kimoja cha umeme chenye ethi.