Nyumba za Mji wa Kale Hazikuzaliwa Zikinuka

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi hadi imenichosha: "Hizo nyumba za Mji wa Kale zina kuvu ju ni za zamani." Mtu akishasema hivo anaona amemaliza. Nyumba ina miaka mingi, ukuta una madoa meusi, chumba kinanuka kama gunia lililolowa, basi, ndio uzee huo. Halafu mwenye nyumba analeta ndoo ya rangi, anaongeza kodi kidogo, na wapangaji wanaambiwa wajifunze kufungua madirisha.

Mimi nasema hiyo historia imewekwa miguu juu kichwa chini. Kuna nyumba Lamu zimesimama tangu karne ya 18, kando ya bahari, kwenye joto na unyevu wa hewa mnaoujua wenyewe mkija likizo. Kama uzee ndio unaleta kuvu, zingekuwa zimeoza kabla babu zetu kuzaliwa. Sisemi zamani hakukuwa na koga kabisa. Viatu, vitabu na nguo za sandukuni vimekuwa vikiota koga Pwani tangu enzi. Lakini ukuta wenyewe kulowa mwaka mzima, rangi kubanduka kama ngozi iliyoungua jua, hilo lina tarehe zake. Naweza kukupa mbili: 1954 na 1957. Nitafika hapo.

Kwanza tuelewe ukuta ulivyokuwa. Nyumba ya mawe ya Pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta mnene, karibu nusu mita. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa sambamba, na juu yake mawe na chokaa tena. Ndio maana vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba: upana unaamuliwa na urefu wa boriti, yaani kama mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Hakuna mchoraji aliyekaa chini akasema "nataka chumba chembamba". Mkoko ndio uliosema.

Na chokaa je? Walipanga magogo ya miti kwa duara, juu yake wakaweka vipande vya matumbawe, wakachoma. Kilichobaki ni unga mweupe mkali. Unautia maji, unachemka wenyewe, halafu unauacha ukae. Sasa hapa kuna kemia kidogo, msikimbie. Mimi chuo niliacha njiani lakini hii ni ya sekondari. Tumbawe ni kalisi kaboneti. Ukiichoma kwenye joto la kama nyuzi 900, inatoa kaboni dioksidi na kubaki chokaa kali. Ukiongeza maji inakuwa chokaa laini ya kupaka. Ukishaipaka ukutani, inaanza kuvuta ileile kaboni dioksidi kutoka hewani, polepole, miezi na miaka, mpaka inarudi kuwa kalisi kaboneti. Yaani unapaka uji, unapata jiwe. Ukuta wako unakuwa tumbawe tena. Manze, wazee waliishi ndani ya mwamba waliouyeyusha wenyewe.

Lakini jiwe hilo lina vitundu vidogo sana, na hapo ndipo siri ilipo. Ardhi ya Pwani ina maji, na maji hupanda ukutani. Chovya ncha ya mandazi kwenye chai utaona chai inavyopanda yenyewe. Ukuta wa matumbawe ni mandazi. Wazee hawakujaribu kuuzuia usinywe. Waliuacha unywe halafu utoe jasho, kwa sababu plasta ya chokaa inapitisha mvuke. Maji yakipanda leo, upepo wa kesho unayatoa. Na upepo walikuwa wameupangia: kiwanda cha wazi katikati ya nyumba, madirisha yanayotazamana na uwanja huo, vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Kila baada ya muda ukuta ulipakwa chokaa upya. Chokaa mbichi ni kali sana kwa kuvu, pH yake inafika kama 12, kwa hivo kule kupaka kulikuwa ni urembo na dawa kwa mpigo mmoja. Bila ndoo ya kampuni yoyote.

Ilikuwa kazi, tusidanganyane. Chokaa inakula muda, inakula kuni, na ukiacha paa livuje hakuna chokaa itakayokuokoa. Nyumba ya mawe ni kama mtoto, haitaki kuachwa peke yake miaka kumi.

Sasa tarehe zetu. Simiti ya kisasa, ile inayoitwa Portland, ilisajiliwa 1824 na mwashi wa Leeds, Uingereza, Joseph Aspdin. Huku kwetu ilikuja kwanza kwa meli, ghali, ya bandari na majengo ya serikali. Halafu kiwanda cha Bamburi kikaanzishwa 1951, na 1954 kikaanza kutoa simiti, hapo tu kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Ghafla simiti ni ya nyumbani.

Na inatengenezwa na nini? Matumbawe! Miamba ya kale iliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka, ile inayofanana na iliyojenga Mji wa Kale. Kama mlipelekwa na shule Haller Park kumuona yule kiboko Owen na kobe Mzee, basi mlikuwa mmesimama ndani ya shimo la machimbo ya simiti lililopandwa miti upya. Jiwe moja, njia mbili. Tofauti ni kwamba simiti inachanganywa na udongo na kuchomwa kwenye joto la kama nyuzi 1,450, na kinachotoka kinashika haraka, kinakuwa kigumu na kinabana. Kwa jengo jipya hiyo ni baraka. Sina vita na kiwanda.

Miaka mitatu baadaye, 1957, bomba la maji ya Mzima likafika Mombasa kutoka Tsavo. Mtu wa historia akikuandikia hayo mawili ataweka kila moja kwenye sura yake: viwanda huku, maji kule. Mimi nayaona kama kitu kimoja kilichotokea kwenye ukuta mmoja. Zamani maji ya nyumbani yalikuwa ya kisima, yanatekwa, yanawekwa kwenye birika la chooni, na kwenye birika wengine walifuga samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Maji yalikuwa na mahali pake. Baada ya bomba, yakaanza kupita ndani ya kuta, yakapanda ghorofani, yakakaa kwenye matangi juu ya paa. Bomba likivuja, linavuja ndani ya tumbawe. Na katika miaka hiyohiyo watu wakaanza kubandika simiti juu ya kuta, nje na ndani.

Kwa hivo maji ya kuingia yaliongezwa na mlango wa kutokea ukafungwa. Maji yanapanda, yanakutana na plasta ya simiti, hayawezi kutoka, yanapanda juu zaidi kutafuta njia. Yanabeba chumvi, maana hapa ni baharini. Chumvi inaganda nyuma ya plasta, inavimba, inaisukuma. Ndio unaona plasta imetoka tumbo. Ukiigonga inalia kama debe tupu. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zinakaa kwenye unyevu miaka na miaka, zinaoza mahali ambapo macho hayafiki. Kuvu unayoiona ni ile sehemu ya hadithi iliyojitokeza nje tu.

Kwani wazazi wetu walikuwa wajinga? Hapana bwana. Simiti ilikuwa haraka. Ilikuwa safi, ngumu, ya kisasa, na fundi yeyote aliijua. Chokaa ilianza kuonekana ni kitu cha mtu asiye na pesa. Halafu nyumba zilizojengwa kwa familia moja zikagawanywa vyumba vya kupangisha. Kiwanda kikaezekwa mabati ili kipatikane chumba kimoja zaidi. Watu wengi wanapika, wanaoga na kufua ndani ya nyumba ambayo tundu lake la kupumulia limezibwa. Nani angefanya tofauti akiwa na kodi ya kukusanya mwisho wa mwezi?

Rafiki yangu amepanga chumba Kibokoni. Ukuta wa nyuma umepakwa rangi mara tatu ndani ya miaka miwili. Kila masika madoa yanarudi palepale kama yameitwa kwa simu. Mara ya kwanza alikuja mtu na Jik na brashi. Mara ya pili ikaja rangi "isiyopitisha maji", ghali zaidi, ikatoka malengelenge kabla ya Disemba. Mara ya tatu mwenye nyumba alimwambia tu ni makosa yake, anaanika nguo ndani.

Enyewe nguo mbichi zinaongeza unyevu. Lakini Jik kwenye ukuta wa vitundu inang'arisha doa juu na kuacha mizizi ndani, na maji yaliyomo kwenye hiyo Jik unamnywesha yuleyule mgonjwa. Na rangi isiyopitisha maji ni simiti nyingine, imevaa nguo nzuri tu. Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, hakuna kampuni itakayozimaliza. Kitu pekee unachoweza kuinyima ni maji.

Na hii si story ya harufu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, ukisema wazi kwamba wanaoishi humo wako kwenye hatari zaidi ya pumu na shida za kupumua.

Msidhani pia ni sisi tu. Hao walioleta simiti walijifanyia hivohivo kwanza. Nyumba za zamani za Uingereza zilijengwa kwa chokaa, karne ya 20 wakazifunga kwa simiti, zikaanza kulowa, na mpaka leo kuna chama cha kulinda majengo ya kale, kilichoanzishwa 1877 na William Morris na wenzake, kinafundisha watu kuirudia chokaa. Lakini kilichonishika mimi kutoka Uingereza ni habari ya mtoto, na yeye hakuishi hata kwenye nyumba ya kale.

Awaab Ishak aliishi na wazazi wake, wahamiaji kutoka Sudan, kwenye nyumba ya kupanga ya shirika huko Rochdale. Baba alilalamika kuhusu kuvu 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake. Disemba 2020 Awaab alifariki akiwa na miaka miwili, na Novemba 2022 afisa wa mahakama aliyechunguza kifo hicho akasema wazi: ni kuvu ya nyumbani. Shirika lenyewe lilikiri kwamba lilidhania tatizo ni namna familia ile inavyoishi. 2023 bunge lao likapitisha sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za aina hiyo kushughulikia hatari kama hizo kwa muda uliopangwa. Wanaiita Sheria ya Awaab.

Soma tena pale: apake rangi juu yake. Hayo maneno yako Kibokoni pia, kwa Kiswahili safi.

Kwa hivo fundi wa kweli wa kuvu kwenye nyumba ya matumbawe utamjua kwa sababu anaanzia nje. Anaangalia mfereji wa paa, tangi, bomba, na kichochoro kama kimemwagiwa zege mpaka kikapanda juu ya sakafu yako. Akishafunga maji, anafunika pua na mdomo, anafuta kuvu kwa kitambaa kibichi isirushwe hewani. Halafu anabandua plasta ya simiti kwa patasi, polepole, ju ukipiga kwa hasira unang'oa na mawe. Halafu anafanya kitu ambacho mwenye nyumba hatakipenda: anasubiri. Mafundi wa majengo ya kale Uingereza hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za ukuta. Hesabu ukuta wa nusu mita. Ndipo plasta ya chokaa, tabaka nyembambanyembamba, na chokaa ya kupaka juu.

Hiyo ni pesa na ni muda, na anayevuta ile hewa siye anayeshika hatimiliki. Hapo ndipo mambo yanakwama, si kwenye ujuzi. Ujuzi upo. Lamu iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, na mafundi wa chokaa wangali wanafanya kazi huko.

Mpangaji hawezi kubandua ukuta wa mtu. Lakini anaweza kumuuliza fundi, kabla ndoo haijafunguliwa, maji yanatoka wapi. Rafiki yangu aliuliza hilo swali juzi. Fundi alinyamaza kidogo, akapanda paa, akakuta bomba la tangi linadondoka taratibu nyuma ya ukuta uleule. Ndoo bado iko pale kwenye ngazi, haijafunguliwa, na mwenye nyumba amesema atakuja kuliona bomba mwisho wa mwezi.