Miaka 19 kwenye nyumba isiyokalika

Wadau, kuna nyumba New York ambayo hajawahi kulala mtu ndani yake, ila ukutani ina kazi ya Marcel Duchamp. Ya mkono wake mwenyewe! Ni nyumba ya wanasesere.

Aliyeijenga ni Carrie Stettheimer, mmoja wa dada watatu walioishi na mama yao Manhattan. Florine alikuwa mchoraji. Ettie alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa na aliandika riwaya. Na Carrie? Carrie alisimamia nyumba na kupanga chakula cha wageni, Duchamp akiwemo.

Mwaka 1916, polio ilipozagaa, alitengeneza nyumba ndogo ya kuchezeshwa bahati nasibu ili kuchangisha pesa. Akanogewa. Mwaka huohuo akaanza nyingine, yake, kwa kipimo cha inchi moja kwa kila futi: vyumba 12, mapazia, mazulia, vivuli vya taa, hata lifti. Mengi aliyatengeneza kwa mikono yake, akipata nafasi. Mama akitaka kitu, kazi inasimama... (Dada zangu mnaolea wazee mnanielewa.)

Rafiki zao wasanii walimchangia kazi za ukubwa wa nyumba ile. Gaston Lachaise alichonga sanamu. Duchamp alimchorea upya ule mchoro wake wa mtu akishuka ngazi, uliozua kelele New York mwaka 1913, safari hii wa kuenea kiganjani.

Mwaka 1935 mama akafariki, na Carrie akaiacha nyumba bila kuimaliza. Alikufa 1944. Ettie ndiye aliyezipanga zile kazi kwenye ukumbi wa nyumba hiyo na kuikabidhi kwa Museum of the City of New York mwaka 1945. Aliandika kwamba dada yake alifaa kuwa mbunifu wa majukwaa ya tamthilia, na nyumba ile ilichukua nafasi ya kazi ambayo hakuifanya.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka huohuo wa 1935 Duchamp alianza kutengeneza sanduku la kubebeka lililojaa nakala ndogo ndogo za kazi zake mwenyewe. Makumbusho ya sanaa yanaligombania mpaka leo. Nyumba ya Carrie, yenye kazi halisi ndani yake, ikaingizwa kwenye mkusanyiko wa vitu vya kuchezea.