Imani kuhusu chakula na mawe ya figo

Imani kuhusu chakula na mawe ya figo ni maelezo yanayotolewa na watu kuhusu vyakula na vinywaji vinavyodhaniwa kuleta au kuponya mawe ya figo (huitwa pia vijiwe vya figo). Makala hii inazitazama kupitia vyakula vya kando ya Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Mara, Tanzania, kama vile katika kata ya Kiriba, Wilaya ya Musoma Vijijini. Huko dagaa na samaki wengine huliwa kwa ugali wa muhogo, mtama au mahindi.

Mchanga katika chakula

Jina "mawe" limechangia imani kwamba ugonjwa huu hutokana na kumeza mchanga. Dagaa wakianikwa juu ya mchanga wa ufukweni huwa na chembe zinazosikika kwenye meno, na mchele usiochaguliwa vizuri huwa na vijiwe. Lakini chembe hizo hupita tumboni na utumboni, kisha hutoka na choo. Haziingii katika damu, kwa hiyo haziwezi kufika kwenye figo.

Jiwe la figo huanzia ndani ya figo yenyewe, pale mkojo unapokuwa mzito na chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake zikagandamana kuwa fuwele. Takriban mawe 8 kati ya 10 yana kalsiamu, na mengi ya hayo ni oksalati ya kalsiamu. Mengine hutokana na asidi ya yuriki au na maambukizi ya njia ya mkojo.

Dagaa, maziwa na kalsiamu

Kwa kuwa mawe mengi yana kalsiamu, wengi huona ni busara mgonjwa aache maziwa na dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa. Hata madaktari waliwahi kushauri hivyo kwa miaka mingi. Utafiti uliofanywa nchini Italia na kutolewa mwaka 2002 ulionyesha kinyume. Wanaume 120 waliokuwa wakipata mawe mara kwa mara walifuatiliwa kwa miaka 5. Kati ya 60 waliopunguziwa kalsiamu, 23 walipata mawe tena. Kati ya 60 waliokula kalsiamu ya kawaida lakini chumvi na nyama kidogo, ni 12 tu.

Sababu iko utumboni. Kalsiamu ya chakula hushikana na oksalati humo humo na kutoka nayo kwenye choo. Ikikosekana, oksalati nyingi zaidi huingia katika damu na kuishia kwenye mkojo. Mchicha na karanga zina oksalati nyingi. Kuchemsha mchicha na kumwaga maji yake hupunguza sehemu ya oksalati hiyo. Kwa hiyo dagaa walioliwa na mchicha si mlo mbaya kwa mtu mwenye mawe ya aina hii, na kumnyima mtu chakula hicho cha bei nafuu ni hasara isiyo na faida. Mwenye mawe ya asidi ya yuriki ndiye anayeshauriwa kupunguza nyama, maini na samaki wadogo, lakini si kwa sababu ya kalsiamu.

Chumvi, maji na pombe

Imani kwamba chumvi nyingi ni hatari ina msingi: sodiamu hufanya figo zitoe kalsiamu zaidi kwenye mkojo. Magadi yanayotiwa kwenye maharage au mboga pia yana sodiamu. Ukoko mweupe unaobaki kwenye sufuria ya maji huogopwa sana, ingawa kunywa maji machache ni tatizo kubwa kuliko maji yenye madini. Mvuvi anayeshinda juani hutoka jasho jingi na mkojo wake huwa mzito. Watu wenye mawe hushauriwa kunywa maji ya kutosha kutoa mkojo wa lita 2 au zaidi kwa siku.

Bia husifiwa kuwa "inasafisha figo" kwa sababu huongeza mkojo, lakini huongeza pia asidi ya yuriki. Limau lina sifa inayostahili zaidi, kwa kuwa sitrati yake huzuia fuwele kukua. Hata hivyo haliyeyushi jiwe la kalsiamu lililokwisha kukomaa.

Kuchelewa kutibiwa

Maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka hadi kinena hudhaniwa kuwa ngiri au chango, na mkojo wenye damu unaweza kutokana na kichocho. Kipimo cha mkojo na picha ndicho hutofautisha. Mawe madogo mara nyingi hutoka yenyewe. Maumivu yakiambatana na homa, au mkojo ukikatika kabisa, mgonjwa anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa figo iliyoziba na kuambukizwa inaweza kuharibika haraka.